Saa ya Kigali, Treni ya Nairobi

Kitinda mimba wangu alipokaribia kutimiza miaka sita nilimuuliza anataka zawadi gani. Nilitarajia aseme mpira, au akizidi sana, baiskeli. Akasema, "Gari ya moshi."

"Ya kuchezea?"

Akanitazama kwa huruma, jinsi mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji wa miezi mitatu. "Ya kupanda, Baba."

Msomaji usiyeijua Kigali, elewa kwanza uzito wa ombi hilo. Mji wetu una vilima, una mabonde, una barabara zilizofagiwa hata ukidondosha chapati unaiokota bila kuona haya. Lakini reli hakuna. Kinachochekesha ni kwamba neno lenyewe tunalo. Kinyarwanda kililiazima "gari ya moshi" kutoka Kiswahili zamani sana. Neno lilivuka mpaka, likafika, likapata makazi. Chombo chenyewe ndicho hakijawasili.

Si kwamba hakikuwahi kuahidiwa. Mwaka 1914, reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilipokwisha kufika Kigoma, Wajerumani walianza kujenga tawi kutoka Tabora kuelekea huku kwetu. Mwaka uleule vita kuu ikalipuka, majembe yakawekwa chini. Mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zikakubaliana kujenga reli ya kutoka Isaka hadi Kigali. Kwa hiyo mwanangu aliponiomba treni, aliniomba kitu ambacho watu wazito kuliko mimi wamekuwa wakikipanga kwa zaidi ya miaka mia moja. Nami, kwa ujasiri wa mtu aliyetoka kula wali wa nazi, nikajibu, "Utaipanda."

Kutoka jikoni mke wangu akauliza, "Utaileta kwa basi au kwa moto?" Hapa Kigali moto ni pikipiki ya abiria. Lakini alivyolitamka neno lile, nilihisi anamaanisha ule moto mwingine.

Nikamwambia mpango wangu. Nairobi kuna Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, jirani kabisa na stesheni kuu. Tutakwenda likizo, familia nzima. Mchana tutatazama vichwa vya treni vya mvuke na kukata keki chini yake. Jioni tutavuka upande wa pili, tupande treni ya abiria hadi Syokimau, turudi, kisha tuwahi basi la usiku la kurudi nyumbani. Kila kitu kwa saa. Nikainua mkono wa kushoto kuonyesha saa yenyewe, ya marehemu baba, ambayo haijawahi kukosea hata dakika.

Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchele kimya, akasema, "Mimi naja." Si swali wala ombi. Alizaliwa Ujiji, na katika ukoo mzima wa mtaani kwetu Nyamirambo ndiye peke yake aliyewahi kupanda treni: alitoka Kigoma hadi Dar es Salaam akiwa bibi harusi. Tangu hapo, kila tukipanda basi hulinganisha. Basi halina kitanda. Basi halina chumvi ya Uvinza wala asali ya Tabora inayouzwa dirishani. Basi halina adabu.

Basi tukapanda hilohilo lisilo na adabu pale kituo cha Nyabugogo, watu watano na keki moja. Keki ilitengenezwa mtaani kwetu kwa umbo la treni: kichwa cha chokoleti, mabehewa mawili, magurudumu ya biskuti, bomba la moshi la kaki ya aiskrimu, na dereva mdogo wa sukari. Kuifunga kwa mfuko wa nailoni haikuwezekana, kwa maana Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008 na Kenya ikafuata mwaka 2017, nami sikutaka treni yetu ikamatwe mpakani. Ikasafiri ndani ya boksi, mapajani mwa mama mkwe, aliyeapa kuilinda.

Gatuna, mpakani na Uganda, bomba la moshi likaanguka. Mke wangu alinong'ona kitu sikioni mwangu pale mpakani, lakini nilikuwa nashughulika na bomba, nikamwambia, "Baadaye." Mbarara magurudumu yalianza kuchomoka moja baada ya jingine, na kwa kuwa gurudumu lililochomoka halirudi, watoto wakayala. Baada ya ikweta chokoleti ikalegea. Jinja, tulipokuwa tunavuka Mto Nile, behewa la pili lilipanda juu ya la kwanza. Busia, mpakani na Kenya, ofisa akaomba boksi lifunguliwe. Akachungulia kwa muda.

"Hii ni nini?"

"Ni treni," nikasema.

"Ilipata ajali wapi?"

"Ilianzia Gatuna."

Akatikisa kichwa. "Poleni sana. Kuna majeruhi?"

Kitinda mimba akajibu kwa uchungu wa kweli, "Dereva tumemla."

Tulifika Nairobi usiku, tukalala kwa binamu yangu Eastleigh. Asubuhi binamu alituamsha mapema kupita kiasi, nikaona ni wasiwasi wa watu wa miji mikubwa. Saa yangu ilionyesha saa kumi na mbili, yeye anadai saa moja. Nilimsamehe. Kwenye daladala, ambayo wao huiita matatu, redio ilitangaza saa, nayo ikakosea kwa saa moja kamili. Nikaisamehe pia. Mtu mwenye saa nzuri hujifunza kusamehe.

Makumbusho yenyewe hayakutuangusha. Nje, juu ya reli, vimepangwa vichwa vya treni, na mkubwa wao kwa macho ya mwanangu alikuwa namba 5918, aitwaye Mount Gelai. Ni jitu la chuma lililotengenezwa Manchester miaka ya hamsini, la jamii ya 59 ambayo kila kichwa chake kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, miongoni mwa injini za mvuke zenye nguvu kupita zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Ni tani zaidi ya 250. Mwanangu alisimama kando ya gurudumu lililompita kimo, akaweka kiganja juu ya chuma, akanong'ona, "Iko baridi. Imelala?"

"Imestaafu," nikamwambia.

"Sasa tunaondoka saa ngapi?"

Hapo ndipo nilipogundua kasoro ya kwanza ya mpango. Nilimwambia tutaona treni, na treni ameiona. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba treni ya makumbusho haiendi. Alipanda mahali pa dereva, akashika mikono ya chuma, akangoja. Akasubiri kwa heshima kama dakika kumi. Kisha akaanza kutazama nyuma, kwa jicho la abiria aliyekwisha lipa nauli.

Mama mkwe yeye hakuwa na shida hiyo. Alichagua behewa la zamani lililokuwa wazi, akapanda kwa msaada wa mjukuu, akatandika kanga, akakaa dirishani. Akatoa chupa ya chai, sambusa na vitumbua vya tangu Kigali. Kwake safari ilikuwa imeanza. Nilipokwenda kumtafuta nilikuta wanafunzi wa ziara ya shule wamejipanga mbele yake na madaftari, wanamwandika. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Bibi, zamani mlikuwa mnakula nini kwenye treni?" mmoja akauliza.

"Kama hivi," akasema, akauma kitumbua.

Wote wakaandika.

Aliwaeleza Uvinza na chumvi yake, Tabora na asali yake, na jinsi mume wake alivyoshuka kununua kuku stesheni fulani, treni ikaondoka, akaikimbilia huku kuku yuko kwapani. "Alimwachia kuku?" mwalimu akauliza. "Angemwachia kuku," mama mkwe akasema, "mimi ningemwacha yeye." Mwalimu naye akaandika. Kijana mmoja wa makumbusho akatuomba kwa adabu kubwa chakula tukakilie kivulini nje, nasi tukashuka kwa heshima, wanafunzi wakitupungia mikono.

Kukata keki kulibaki. Binti yangu wa kwanza, anayesoma sekondari na hivyo anajua kila kitu, akapendekeza tuikatie karibu na behewa namba 12. Mama mkwe akaketi kwenye ngazi ya behewa hilo kupumzisha magoti, boksi mapajani, wakati binti akisoma maelezo kwa sauti.

Mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, kulikuwa na simba aliyezoea kula watu. Ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, akaja na wenzake wawili kumvizia, na wakalala ndani ya behewa hilihili. Ryall ndiye aliyekuwa zamu. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango, akamkamata, akatoka naye kwa dirisha.

Kimya kikatanda. Mama mkwe akasimama polepole, akageuka, akalitazama lile dirisha, akanitazama mimi.

"Mkwe wangu. Umenileta nikae kwenye ngazi ya marehemu?"

"Mama, mimi mwenyewe sikujua..."

"Na aliyepewa zamu ndiye aliyelala?"

"Ndiye, Mama."

"Hm," akasema. "Watu wenye zamu."

Kwa mama mkwe ni heri matusi kuliko "hm". Alisoma dua fupi kwa ajili ya Ryall, kisha akaamuru tuhamie chini ya Mount Gelai, ambako hakuna aliyeliwa.

Huko tulifungua boksi. Keki ilikuwa imeacha kabisa kufanana na treni, sasa inafanana na udongo wa reli baada ya mvua. Tulichomeka mishumaa sita mahali ambapo tulikadiria kuwa ni kichwa, tukaimba, tukala kwa kijiko. Zawadi yangu ilikuwa filimbi ya chuma, kama zile wanazopuliza wakuu wa treni. Mwanangu akaitazama, akaitazama Mount Gelai, na nikaona wazo linaingia kichwani mwake. Akapanda tena mahali pa dereva, akatazama mbele na nyuma kuhakikisha abiria wamepanda, akavuta pumzi, akapuliza.

Ng'ambo ya makumbusho, upande wa stesheni, honi ikajibu. Nzito, ndefu, ya kutetemesha kifua. Kisha tukasikia vyuma vikigongana, tukaona mapaa ya mabehewa yakianza kusogea, taratibu, halafu kwa kasi.

"Inaenda!" mwanangu akapiga kelele. "Nimeiambia iende!"

Tukapiga makofi. Wageni wengine wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, hadi viganja vikauma, nikatokwa na machozi kidogo. Kisha nikatazama saa yangu, nikasema kwa furaha, "Haya, nasi tukusanye vitu taratibu. Ya kwetu imebakiza saa nzima kasoro dakika tano."

Mke wangu hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama jinsi mama yake alivyolitazama lile dirisha.

"Baba watoto, saa yako inasema saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Hiyo ni ya Kigali. Hapa wako mbele kwa saa moja. Nilikwambia Gatuna, ukasema baadaye."

Ndipo vyote vikarudi kwa mpigo: binamu wa kuamka mapema, redio ya matatu, hata adhana ya adhuhuri iliyolia saa sita kasoro nami nikasema Nairobi wana haraka hata na sala. Siku nzima mji wa mamilioni ya watu ulikuwa umekosea, na mimi peke yangu nilikuwa sawa. Tulikimbia hadi stesheni kwa ajili ya kukimbia tu. Mzee mmoja getini akatuthibitishia: ya Syokimau tuliyoikusudia ndiyo ile iliyoondoka. Nyingine hatukuweza kuingoja, kwa sababu basi letu la usiku lilitusubiri, na kwa saa ya Nairobi.

Nilichuchumaa mbele ya mwanangu kumwomba msamaha. Nilianza na historia, nikataja Wajerumani, nikataja mwaka 1914. Akanikatiza.

"Baba, mimi sikuachwa. Mimi ndiye niliyeiondoa."

Mama mkwe akacheka kwa mara ya kwanza tangu Gatuna. "Mwacheni," akasema. "Huyu alikuwa zamu, na hakulala."

Leo Nyamirambo kuna mtoto wa miaka sita anayewasimulia wenzake jinsi alivyoiruhusu treni ya Nairobi kuondoka. Hawambishii, kwa maana filimbi anayo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona treni. Saa ya marehemu baba bado ninaivaa, na bado haijawahi kukosea, mradi nibaki Kigali. Nawe msomaji, siku utakapovuka Gatuna kwenda Kampala au Nairobi, sogeza mshale saa moja mbele hapohapo mpakani. Na mkeo akikunong'oneza jambo, usimwambie baadaye.