Kiota cha Sufu na Kinda Asiye na Shukrani

Kiota cha sufu ni bakuli dogo linalofumwa kwa kroshia ili kumhifadhi kinda aliyepoteza kiota chake. Mwaka 2013 kituo cha kuokoa wanyama cha WildCare, huko San Rafael, California, kilianza kuwaomba wafumaji wakitumie viota vya namna hiyo. Mji wa Moshi hauna haja ya kuagiza ujuzi huo. Nyumba ambayo makochi, redio na hata jagi la maji vimevishwa vitambaa vya kufuma haiwezi kukosa mtu wa kumvisha ndege.

Msimu wake ni masika, Machi hadi Mei. Mvua ikichapa vihamba vya Marangu na Mwika, chini ya kilele cha Mawenzi, matawi hukatika na migomba huanguka pamoja na wapangaji wake: shorewanda, chozi, kwera. Huyu kwera ana visa vyake. Dume husuka kiota kwa nyasi mbichi, bila sindano wala mwalimu, kisha jike huja kukagua. Asiporidhika, kiota huachwa au hubomolewa. Kwa hiyo si kila kiota kilichoanguka ni msiba. Vingine ni posa iliyokataliwa. Wasamaria wema wamewahi kupekua majani chini ya mti kutwa nzima wakitafuta makinda wa mayai ambayo hayajawahi kutagwa.

Uzi hupatikana kwa urahisi. Sweta zito la mtumba kutoka soko la Memorial likifumuliwa hutoa viota kadhaa. Shida ni pale sweta lililofumuliwa linapokuwa la baba mwenye nyumba, naye akalikumbuka Julai, baridi ya mlimani ikiwa imeshuka hadi sebuleni.

Nyuzi mbili au tatu hushikwa pamoja na kufumwa kwa kukaza. Huanza kitako cha duara, kisha kuta hupanda bila kuongeza mishono, hadi lipatikane bakuli lenye mdomo wa sentimita 6 hadi 8 linaloweza kusimama lenyewe. Ncha ya kidole isipenye popote. Hapo ndipo mabingwa wa vitambaa vya makochi wanapoanguka, maana mkono umezoea maua na matundu. Kucha za kinda zikinasa tunduni, ndege huonekana akitembea mezani na nyumba yake mguuni. Kioja hicho kina hatari: uzi uliokaza hukata damu mguuni. Kiota kilicho bapa nacho hakifai, kwani miguu hutawanyika pande mbili, na ikikomaa hivyo ndege hatasimama tena.

Rangi haimhusu kinda, inawahusu majirani. Kiota cha waridi kikianikwa kambani, pongezi hazikawii.

"Shikamoo, bibi. Hongera, mjukuu amefika?"

"Marahaba. Hicho ni cha shorewanda."

Jirani huondoka bila neno, na jioni bakuli la mtori huletwa hata hivyo, kwa ajili ya mzazi.

Ndani ya kiota huwekwa karatasi laini ya chooni, inayobadilishwa kila ikichafuka. Kinda akishameza, hugeuka, hurudi kinyumenyume hadi ukingoni, huinua makalio na kutoa kinyesi kilichofungwa ndani ya utando mweupe, tayari kubebwa na wazazi kupelekwa mbali. Mwokoaji mgeni huwa ameinama karibu wakati huohuo, akingoja shukrani.

Kwenye chakula ndiko wema unakoua. Hata Mweka, ambako chuo cha usimamizi wa wanyamapori kipo tangu 1963, kinda akianguka uani anayeulizwa kwanza ni bibi, na bibi ana uji wa maziwa. Ndege hawezi kumeng'enya maziwa, na maji yakidondoshewa mdomoni huweza kuingia mapafuni. Wazazi wake hulisha wadudu tangu alfajiri hadi machweo, tena mara nyingi kila saa. Hakuna mwenye kazi na shamba atakayeiweza zamu hiyo.

Kwa hiyo kiota cha sufu ni cha kungojea tu, tena ndani ya nyumba, kwa sababu kikinywa mvua humgandisha aliyemo. Kukikucha, kinda arudishwe kwenye mti uleule ndani ya kopo lililotobolewa chini na kutandikwa nyasi kavu, watu wakae mbali. Hadithi kwamba wazazi humkataa kwa harufu ya mikono ya binadamu si kweli. Wakimsikia akilia, hurudi. Aliyekwishaota manyoya na anarukaruka chini hahitaji kuokolewa, labda paka afungiwe. Asiye na wazazi ni suala la afisa wanyamapori wa halmashauri, kwani kumfuga ndege wa porini bila kibali ni kosa kisheria.

Viota vilivyotumika huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, vikakaushwa juani. Vipande vya uzi vilivyobaki vikusanywe vyote, visitupwe uani: kwera akiviona atavisukia kiota, na uzi huo utamnasa kinda mguu.