Jinsi ya Kuihukumu Chaja Isiyo na Hatia

Mwongozo huu ni wa wenye mitumbwi wa Rumonge, Minago na Nyanza-Lac, pamoja na mashemeji zao walioachiwa kazi ya kulinda betri mwaloni. Unahusu chaja iliyogoma kuchaji betri za taa za uvuvi. Ukiufuata bila kuruka hata neno, chaja itapata adhabu kali, fundi atapata ada ya shule ya watoto wake, nawe utapata usiku mmoja au miwili ya kulala nyumbani, jambo ambalo mama watoto amekuwa akiliomba tangu harusi.

Anza kwa kuchagua wakati. Chaja isichunguzwe kamwe siku za mbalamwezi. Mwezi mpevu ukishamulika Ziwa Tanganyika, taa zetu haziwezi kushindana nao. Ndagala, yaani dagaa wetu, wanatawanyika, mitumbwi inakaa mchangani karibu wiki nzima, betri zote ziko nchi kavu na fundi anapiga miayo. Hiyo ni nafasi nzuri mno, na kwa sababu hiyo haifai. Subiri giza lianze. Subiri saa kumi na moja jioni, nyavu zimeshapakiwa, vijana wameshavua viatu, mnunuzi wa ndagala ameshatanguliza fedha. Hapo ndipo uchomeke chaja, uone mshale wake umelala, na utangaze kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni: "Chaja imekufa!"

Enzi za karabai mambo hayakuwa rahisi hivi. Taa ikizimika, kila mtu aliona: mafuta yamekwisha, au soksi imepasuka, na aliyeipasua anajulikana kwa jina la baba yake. Tangu tuhamie kwenye betri na taa za LED, kosa limejificha ndani ya kisanduku cha bati chenye nyaya mbili, na kisanduku hakina mdomo wa kujitetea.

Sasa, ukuta. Usiushuku ukuta. Akitokea kijana akauliza kama umeme upo, chomeka simu yako kwenye soketi ileile, simu ianze kuchaji, kisha umtazame mpaka aone haya. Usimwambie kwamba chaja ya simu imeundwa kupokea umeme wowote kati ya volti 100 na 240, kwa hiyo inakula makombo bila kulalamika. Chaja ya betri ya zamani, ile nzito yenye transfoma, haina unyenyekevu huo. Imeundwa kwa volti 230. Ikiwa inatoa 14.4 kwa umeme kamili, basi jirani akiwasha mashine ya kuchomelea na ukuta ukashuka hadi 160, chaja itatoa kama volti 10. Betri yenye volti 12 haiwezi kujazwa na chaja inayotoa 10. Chaja nzima, betri nzima, mshale umelala. Ukiwa na mita ya volti unaweza kuligundua hili kwa muda mfupi kuliko wa kusalimiana na mzee mmoja, ndiyo maana sishauri kununua mita.

Hamia kwenye vibanio. Kwenye vichwa vya betri kuna unga mweupe au wa kijani, kama ukungu wa mkate uliosahaulika. Uache hapo, umekaa muda mrefu na una haki zake. Watu wasio na subira huchukua maji ya majivu, au magadi, wakausugua, wakakausha, wakabana kibanio mpaka kiume chuma kitupu, na mara nyingi hadithi nzima ya chaja mbovu inaishia hapo. Wewe ni mtu wa Rumonge. Katika mji unaokamua mawese, hakuna ugonjwa usiopakwa mawese: paka vichwa vya betri kwanza, ndipo ubane juu yake. Mafuta hayapitishi umeme, kwa hiyo ushahidi dhidi ya chaja utaongezeka. (Wale wanaobana kwanza chuma kwa chuma, halafu wakapaka grisi juu ili kuzuia unga usirudi, wanapata matokeo tofauti. Hatuwazungumzii.)

Ukikosea nyekundu na nyeusi, chaja itakata fyuzi yake. Fyuzi ni kitu kidogo kilichowekwa kife ili vingine viishi. Usinunue nyingine. Chukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, isokote, ipachike. Tangu dakika hiyo fyuzi ya chaja yako ni transfoma, na bei ya transfoma ndiyo bei ya chaja. Sasa hakika imekufa, na ulisema tangu mwanzo.

Ikiwa chaja yako ni ya kisasa, nyepesi, yenye vitaa vinavyokonyeza, kuna njia fupi zaidi ya kuitia hatiani. Azima mita, gusisha ncha zake kwenye vibanio vilivyo hewani, usome sifuri, uite mashahidi. Nyingi za aina hii hazitoi kitu mpaka zihisi betri mbele yao. Na zikihisi betri iliyoshuka mno hukataa vilevile, kwa sababu zinadhani imekufa au si betri. Fundi mwenye akili huiunganisha kwa muda mfupi na betri nyingine nzima ya volti 12, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti zikapanda, chaja ikaitambua, kazi ikaendelea. Fundi wa hivyo muepuke, ataharibu kesi.

Lipo pia suala la hesabu, na hapa naomba msomaji aketi, maana ndipo chaja nyingi za pwani hii zinaponyongwa.

Tuseme betri ni ya ampia-saa 70 na chaja inatoa ampia 3. Kuijaza kutoka tupu ni zaidi ya saa 23, na kidogo tena kwa kile kinachopotea kwa joto. Umeme wetu una ratiba yake, nayo haisomwi na binadamu. Tuseme ulikuja kwa muda wa saa nne tu kisha ukaenda zake. Betri imekunywa ampia-saa 12. Usiku unawasha taa mbili za wati 30 kila moja: hizo zinakula ampia 5. Umewasha saa moja usiku; kabla ya saa tatu na nusu ziwa limekuwa jeusi, ndagala wamerudi zao chini, na vijana wanaimba nyimbo za kumtukana mwenye chaja. Chaja ilifanya kila ilichoweza kwa saa nne ilizopewa. Lakini ukisema hivyo hadharani utaonekana unamtetea adui.

Jenereta ingesaidia, nayo inasubiri petroli, na foleni za petroli katika Burundi ya miaka hii mnazijua kuliko mimi.

Kuna wanaopeleka hesabu hii mbali zaidi. Yale magari makubwa ya kuchezea, ambayo mtoto anapanda na kuyaendesha uani, huja na kichaja chake kidogo. Gari likishavunjika, kichaja huhamia ziwani. Kikiwa cha volti 12 na ampia 1, betri yetu ya 70 itahitaji saa 70, yaani karibu siku tatu mchana na usiku bila umeme kupepesa jicho. Hata hivyo mwenye mtumbwi atakwambia kichaja ni kibovu, maana kwenye gari la mtoto kilikuwa kikifanya kazi vizuri.

Tukija kwenye betri yenyewe, tafadhali isishukiwe hata kidogo, hasa baada ya ziwa kufungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Samaki walipumzika. Betri nyingi zilipumzika pia, zikiwa tupu, chini ya vitanda. Betri ya asidi ikiachwa tupu, sahani zake za risasi hugeuka na kushika chumvi nyeupe inayozidi kuwa ngumu kila wiki. Siku ya kufunguliwa ziwa unachomeka chaja, na ndani ya dakika kumi taa ya kijani inawaka: imejaa! Imejaa kweli, kama debe lililojaa mawe linavyojaa kwa kikombe kimoja cha maji. Baharini, samahani, ziwani, inazimika kabla ya wavu wa kwanza. Dawa ilikuwa kuijaza mwezi Mei na kuikumbuka mara moja kila mwezi. Sasa ni Agosti, na chaja ndiyo iliyo karibu na mkono.

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kama volti 2.1. Ikijaa na kutulia inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 10.5 na kung'ang'ania hapo, huku chumba kimoja kikichemka au kikinyamaza tofauti na wenzake, chumba kimoja kimeaga dunia, na hakuna chaja kutoka Dubai wala Guangzhou itakayokifufua.

Maji yakipungua ndani, yajaze kwa maji ya ziwa. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, hayataisha. Yana chumvichumvi na uchungu wa magadi, pH yake inakaribia 9, kwa hiyo yatapambana na asidi yako kwa bidii na kuacha uchafu juu ya sahani. Maji yaliyotoneshwa kwa mvuke, yale ya chupa ya dukani, yangedumisha betri miaka; lakini kwa nini ulipie maji wakati ziwa liko mlangoni? Maji ya ziwa yana kazi moja nzuri hapa: asidi ikikurukia ngozini au machoni, jimwagie mengi, bila kuacha, kisha ukimbilie kituo cha afya. Hilo silisemi kwa mzaha. Na usichungulie vyumba vya betri kwa kiberiti. Betri inayochaji hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, na jiko lililofungwa madirisha ndilo mahali inapokusanyika.

Ukishamaliza yote haya, funga chaja kwenye mfuko na uipandishe gari mpaka Buyenzi, Bujumbura, kilomita kama 75 kutoka Rumonge, kwa mafundi wanaojua kufungua kila kilichofungwa. Fundi ataichomeka. Itafanya kazi. Atakuangalia. Usimtazame usoni; sema tu, "Huenda barabara imeitikisa ikakaa sawa, ndugu yangu," ulipe, urudi nayo.

Na ikiwa mwishowe ni betri iliyokufa, iuze kwa wanaonunua betri chakavu ikiwa nzima, na asidi yake ndani. Usiipasue uani ili uyeyushe risasi ya kutia uzito kwenye nyavu: moshi na vumbi lake huingia kwenye damu ya watoto na kuharibu ubongo wao. Asidi usiimwage ufukweni. Majirani wanachota maji pale.