Gari Yangu Inatoa Mawese

Jirani, sogea kidogo hapo kwenye benchi. Chai sitaki, asante, nikishika glasi yako utaitupa. Umeona hizi kucha? Usidhani ni hina. Ni mafuta ya gari, na nimesugua kwa sabuni ya mawese tangu Jumamosi. Sabuni imeisha, kucha ziko vilevile.

Gari yangu unaijua. Ile Corolla nyeupe chini ya mwembe. Haya, nyeupe zamani. Ilizaliwa Japani mwaka 1996, ikapanda meli mpaka Dar es Salaam, ikaja Burundi, ikapita kwa wenyewe sijui wangapi, wote ikawatii. Ikafika kwangu, ikakaa. Unakumbuka mwaka 2022 uhaba wa mafuta ulivyotukamata, tukasema ah, wiki ijayo yatapatikana? Nililala kwenye foleni siku mbili. Ya tatu nikaifikia pampu, pampu ikakohoa, ikanyamaza. Nikatafuta vijana wanne waisukume mpaka nyumbani, nikawalipa kwa pesa ileile ya esansi. Nikaiegesha. Nikasema wiki moja tu.

Kuku wakahamia kiti cha nyuma. Mimi nikasema waache, ni wageni.

Halafu mama watoto akaligundua kapo. Lile bati la mbele likipigwa na jua la Rumonge saa sita ni kikaango. Akamwaga ndagala, hivi visamaki vyetu vya ziwani, juu yake. Zikakauka haraka kuliko za kwenye mchanga, na mtu akizitafuna hasikii kokoto. Wateja wakaanza kuja na kuuliza kabisa, mama, unazo zile za kwenye gari? Nakwambia jirani, miaka yote ilipokuwa inatembea, hiyo gari ilinila. Iliposimama ndipo ikaanza kulisha nyumba. Na mimi, badala ya kushukuru, nikaona aibu. Mwanaume mzima, gari yangu inanuka kama mwalo.

Sasa sikia mdomo ulivyoniponza. Ukweni kwangu Nyanza-Lac kulikuwa na harusi, juzi Jumapili. Kilomita kama 50 tu kutoka hapa. Wakapiga simu, mtakuja na nini? Mimi huyo: tutakuja na gari yetu. Mama watoto akanitazama. Hakusema kitu. Yeye akinyamaza mimi huwa nadhani amekubali.

Esansi niliipata, usiniulize wapi, ilikuwa ndani ya bidoni na inanuka samaki. Shemeji yangu anayekaa Buyenzi, kule Bujumbura, alikuwa ameniambia gari iliyolala muda mrefu huiwashi hivihivi, lazima vidanji kwanza. Buyenzi unaijua mwenyewe, mtaa wa Waswahili, mtoto wa kule anafungua Toyota kabla hajaota meno. Akanitumia filta na galoni ya mafuta ya injini, lita 4. Akasema tafuta fundi. Nikauliza bei ya fundi hapa mtaani. Nikajibiwa. Nikasema, kwani vidanji ni nini? Kutoa ya zamani, kutia mpya. Hata sufuria ya maharage tunaifanyia vidanji kila siku.

Jumamosi asubuhi nikavaa suruali ya zamani. Nikafungua kijitabu cha gari, kimeandikwa Kijapani mwanzo mpaka mwisho. Nikasoma picha. Kuna picha ya mtu anatabasamu ameshika kitambaa. Nikachukua kitambaa, nikatabasamu.

Kutu ilikuwa imekula chini ya milango. Mutama wa nyumba ya pili, yule mzee aliyefanya kazi ya mawese maisha yake yote, akaja na kiti chake kunitazama. Nikamwambia ni upepo wa ziwa huu, mutama, unaleta kutu. Akasema, mwanangu, ziwa letu halina chumvi. Akakaa vizuri.

Kwenye filta ya hewa nikakuta kiota cha panya. Kizuri, cha mviringo, kimefumwa kwa karatasi zangu za bima. Skrubu moja ya kile kifuniko ikaniponyoka, ikasema ting, ting, halafu kimya. Wataalamu wanasema Tanganyika ina kina cha mita 1,470. Hawajapima injini yangu. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga wa kijani, nikavimwagia maji ya moto kama nilivyoelekezwa, vikasafika. Hicho ndicho kitu pekee nilichofanya sawa siku ile, naomba ukikumbuke. Plagi sikuzigusa, nilisikia zina umeme.

Nikatafuta kijiti cha kupimia mafuta. Nikakuta viwili! Kimoja huku, kingine kule. Nikasema, Wajapani ni watu waangalifu sana, wametia na cha akiba. Nikapima na kimoja, nikakiacha cha pili kipumzike.

Sasa kuingia chini. Jeki sina. Nikaona mchanga wetu ni laini, kwa nini nipandishe gari wakati naweza kushusha mimi? Nikachimba shimo mbele, katikati ya magurudumu. Watoto wa mtaa wote wakaja kunisaidia, baada ya dakika tano nikabaki nachimba peke yangu na wao wanahesabu. Nilipofika usawa wa kiuno maji yakatoka. Maji, jirani! Si unajua ziwa lilivyopanda miaka hii, limeingia mpaka kwenye nyumba za watu? Basi na mimi likanifuata. Nikaingia hivyohivyo. Mgongo kwenye tope, uso kwenye grisi, chura mmoja begani.

Mama watoto alikuwa amehamisha ndagala zake kutoka kwenye kapo, ameziweka kwenye turubai, nyuma ya gari. Hilo la nyuma ya gari ulikumbuke pia.

Nikapapasa, nikapata nati. Nikaitia spana, ikakataa. Nikaibembeleza. Ikakataa. Nikaitukana kidogo, ikalegea. Mafuta yakatoka kwa nguvu, nusu kwenye beseni, nusu sikioni. Nikatoka nje kama kambare, nimelishika beseni kwa fahari. Nikaangalia. Mekundu.

Mutama akainuka. Akachovya kidole, akasugua, akanusa. Akasema, haya ni mawese. Akasugua tena. Hayakuchemshwa vizuri. Habari ikatembea. Mtaa mzima ukaja kuona gari inayotoa mawese. Kuna mama alikuja na chupa, wallahi.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini mafuta ya injini yaliyokaa miaka ni mekundu badala ya kuwa meusi. Mimi nikasema, injini nzuri hiyo, haichafui mafuta. Nikafunga nati. Filta sikuiona inapokaa, nikaiweka kwenye kiti cha mbele, ikafuatana na sisi tu. Nikafungua kifuniko cha juu, nikamimina galoni yote. Lita 4, mpaka tone la mwisho, nimelipia mimi hata tone.

Nikatia ufunguo. Kuku mmoja akaruka kutoka nyuma. Injini ikalia, ikalia, ikashika! Jirani, watu walipiga makofi. Nilitoa mkono dirishani kama rais. Halafu nyuma ikaanza kutoka moshi. Mweupe una ubuluu, mzito, unatoka kama umechelewa mahali. Ukafunika mwembe. Ukafunika mutama na kiti chake. Nikaweka gia ya kwenda mbele, nikakanyaga. Injini inanguruma, gari imesimama. Nikaweka ya kurudi nyuma. Imesimama. Nikakanyaga zaidi, nikafikiri labda ni usingizi wa muda mrefu. Katikati ya moshi nikasikia sauti ya mama watoto, sauti ya chini ile, ndiyo mbaya: "Ndagala zangu."

Fundi hakuitwa. Alikuja mwenyewe kwa kufuata moshi. Akachomoa kijiti cha kwanza, akatikisa kichwa. Akachomoa kile cha akiba, kikavu kama ulimi wangu wakati ule. Akasema, "Shefu, umetoa mafuta ya bwati." Nikasema bwati gani? "Ya gia. Gari yako ni otomatiki, bwati ina mafuta yake, na ni mekundu. Nati ya injini iko upande mwingine, hujaigusa. Sasa injini imekunywa mafuta ya gari mbili, na gia hazina hata tone." Nikamuuliza, kwa hiyo vile vijiti viwili...? Hakujibu. Alikuwa anamtazama mutama, na mutama anatazama ziwa.

Nikauliza bei ya kurekebisha. Ni ileile ya mwanzo, mara tatu.

Harusini tulikwenda na Probox ya abiria. Nyuma tulikuwa wanne na mtoto na debe, mimi nimekalia kona ya mtu. Na fikiria, jirani, hata ingekuwa gari yangu nisingestarehe. Usukani wa Japani uko kulia, sisi Burundi tunapita kulia, ukitaka kulipita lori lazima wa kushoto akuchungulilie. Wa kushoto kwangu ni mama watoto. Yeye hasemi pita. Anasema, kama umechoka kuishi, pita.

Tuliposhuka, baba mkwe akauliza, gari iko wapi, mwanangu? Nikasema iko garaji, baba. Akauliza garaji gani? Kabla sijameza mate, binti yake akamjibu: "Ya ndagala, baba." Walicheka mpaka wapiga ngoma wakasimama.

Na zile ndagala za kwenye turubai? Mteja mmoja alizionja jana. Akasema zina ladha ya lori.

Basi leo asubuhi mambo yalianza kupoa. Mama watoto amelifuta kapo lake kwa maji na sabuni, ameleta ndagala mbichi za usiku. Akaniambia kwa upole kabisa, baba watoto, isogeze kidogo kushoto, huku kivuli cha mwembe kinafika mapema. Nikafurahi. Kazi ndogo, ya mwanaume, haina kijiti. Nikaweka gia huru, nikaita vijana walewale wanne, nikawaambia kateni usukani kushoto, sukumeni, moja, mbili.

Shimo nilikuwa nimelisahau.

Gurudumu lote la mbele limezama, jirani. Maji yanafika kwenye nati. Kapo limelala upande, kila ndagala ikiwekwa inateleza, bata wa mutama anazipokea chini. Kwa hiyo kama nilivyosema, chai sitaki. Una kamba?