Sifa za Bwana Vumbi

Mcheza kwao hutunzwa, nami leo namtunza Bwana Vumbi wa mabanda ya nguruwe ya Iowa, jimbo la Marekani lenye nguruwe zaidi ya milioni 20 na watu wasiofika milioni 4.

Usimfananishe na vumbi la barabarani. Huyu ana ukoo: unga wa chakula, ngozi iliyobanduka, kinyesi kilichokauka, na sumu ya bakteria waliokwisha kufa. Mfanyakazi humvuta asubuhi. Jioni hutetemeka, viungo vikamuuma, homa ikampanda. Kesho yake homa imeshuka, naye anaweza kurudi bandani. Mwajiri gani angepanga ugonjwa kwa ustadi huo?

Majira ya baridi ndiyo sikukuu yake. Gesi ya kupashia joto ni ghali, basi feni hupunguzwa, nguruwe wasipoe na Bwana Vumbi asifukuzwe. Amonia humdandia, wakashuka pamoja hadi mapafuni. Shimoni, chini ya sakafu yenye mianya, kwenye bwawa la kinyesi, anakaa gesi aitwaye hidrojeni salfaidi, mwenye adabu kuwashinda wote: akizidi huizima pua kwanza, usikereke na harufu yake, ndipo akuue. Ndugu akikimbilia kukuokoa, naye hupokelewa vivyo hivyo.

Wasengenyaji hawakosi. Mwaka 1977 Kelley Donham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa waliandika habari za vifua vya wafanyakazi hawa. Baadaye watafiti wakashauri vumbi lisizidi miligramu 2.5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Wengine wakaleta mafuta ya kanola ya kumnyunyizia atulie. Na kweli hutulia, lakini mafuta hununuliwa, na kifua huja bure na mwenyewe.

Serikali ina subira zaidi. Viwandani, vumbi lisilo na kanuni yake huhesabiwa kuwa kero tu na huruhusiwa hadi miligramu 15. Shambani hata kiwango hicho hakimbani. Tena tangu miaka ya 1970 Bunge la Marekani limezuia fedha za usalama kazini zisitumike kukagua mashamba yenye wafanyakazi 10 au pungufu. Banda la nguruwe 2,400, linalolisha kwa mitambo, huweza kutunzwa na mtu mmoja. Akohoe tu. Angekuwa na wenzake 10, labda mkaguzi angepita.