Rangi ya Mtu Mwingine

Mwenye gari jipya anayelibandika plastiki angavu ili rangi isichubuke anadhani amejihifadhia kitu. Mimi naona amekitoa. Tangu siku hiyo anachoosha ni plastiki, anachosugua kwa nta ni plastiki, na likitokea la kutokea, anachokililia ni plastiki. Rangi yenyewe, ile aliyoiteua dukani baada ya kubishana na mkewe juu ya kijivu na fedha, imewekwa akiba kwa mtu asiyemjua, ambaye miaka kadhaa baadaye atakuja kulikagua gari kwa tochi na kuomba apunguziwe bei. Sisemi ni jambo baya. Nasema tu kwamba anayetoa makumi ya maelfu ya randi anastahili kujua anamlipia nani, na kwamba Turffontein, mtaa huu wa kusini mwa Johannesburg, ni mahali pazuri pa kuliona hilo, maana hapa gari huumia kwa njia ambazo waliobuni plastiki hiyo hawakuziota.

Wao waliwaza mchanga. Katika vita vya Vietnam, miaka ya 1960, mapangaboi ya helikopta za Marekani yalikuwa yakiliwa na mchanga, na kampuni ya 3M ikatoa utepe wa poliurethani wa kubandika kwenye kingo zake. Baadaye utepe huo ukahamia kwenye magari ya mashindano, kisha kwenye magari ya matajiri, na sasa umefika hata kwenye Polo ya mkopo wa benki wa miezi 72. Plastiki hii mafundi wanaiita PPF. Unene wake unakaribia mikroni 200, na rangi ya kiwandani, kuanzia bati hadi laka ya juu kabisa, kwa kawaida haivuki 150. Yaani kinacholinda ni kinene kuliko kinacholindwa. Kazi yake inaifanya. Kokoto iliyorushwa na tairi la lori kwenye barabara kuu ya M1 inagonga, inadunda, inakwenda zake. Tabaka la juu likipata joto hujirudi, mikwaruzo midogo ikafutika yenyewe, na jua la jiji lililo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari si jua la kubembelezwa. Hata kinyesi cha hadeda, wale kwarara wanaoamsha mtaa mzima alfajiri kisha wakaja kuimalizia shughuli juu ya boneti, hakiili haraka kama kinavyoila laka tupu. Mtu akiniambia plastiki hii ni utapeli, nitaitetea.

Kuna na adui mmoja wa hapa hapa ambaye inammudu hasa. Kati ya Turffontein na katikati ya jiji unapita ukanda wa migodi ya zamani, na ile dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1886 iliacha nyuma vilima vya manjano vya mchanga uliokwisha kukamuliwa. Mchanga huo ni mwamba uliosagwa, sehemu kubwa yake kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko laka ya gari lolote, liwe la waziri au la muuza mkaa. Miezi ya baridi haina mvua. Ikifika Agosti, upepo unauchukua mchanga na kuugawa bila upendeleo. Hapo ndipo mpenda usafi anapotoka na kitambaa kikavu ili alipanguse gari "kidogo tu". Analipangusa kwa mizunguko, kwa mapenzi, akiisugua kwatzi ndani ya laka, na usiku chini ya taa boneti zima linaonyesha utando wa buibui. Jirani yake mvivu, aliyeliacha vumbi litulie mpaka mvua ya Oktoba, rangi yake ni nzima. Kwa hiyo plastiki inawafaa wapenda usafi dhidi ya usafi wao. Lakini tazama ni madhara gani tunayoyazungumzia: vitundu vya ncha ya sindano mbele ya boneti, na michirizi inayoonekana kwa pembe fulani ya mwanga. Mwenye gari, ambaye muda mwingi analitazama gari lake akiwa ndani yake, hayamsumbui. Macho ya kuyaona anayo mnunuzi.

Madhara anayoyaona mwenyewe ni mengine kabisa, na mbele ya hayo plastiki ni mtazamaji. Mvua ya mawe iliyopiga mkoa huu wa Gauteng mwishoni mwa Novemba 2013 ilivunja vioo na kubonyeza mapaa ya magari mengi. Bati lililobonyea chini ya plastiki linabaki limebonyea, tofauti ni kwamba linang'aa. Siku hizi kampuni za bima hutuma ujumbe kwenye simu, mawe yanakuja, ficha gari, na kila aliyepata ujumbe anakimbilia paa lile lile la kituo cha mafuta, ambako bampa hukutana na bampa kabla jiwe la kwanza halijaanguka. Toroli la supamaketi lililoachwa kwenye mteremko halichubui tu, linakunja. Na teksi ya abiria ikiamua kwamba barabara ya njia mbili ina njia ya tatu, inaondoka na kioo cha pembeni pamoja na plastiki yake.

Halafu kuna ulinzi wenyewe. Johannesburg ni jiji la kuta, nyaya za umeme na mageti ya mota, na nathubutu kusema gari la hapa huumizwa na walinzi wake kuliko na wezi. Geti la kuteleza ambalo mwenye nyumba alibania hela ya kihisi hujifunga kwa saa yake, gari likiwa nusu ndani nusu nje. Mbwa aliyeletwa kutisha wageni humlaki bwana wake kwa kucha, mlangoni, kila jioni. Turubai la kufunikia gari hupepea usiku kucha katika upepo ule ule wa Agosti, vumbi likiwa limeshanaswa chini yake, na kazi linayoifanya mpaka asubuhi ni ya msasa. Mlinda magari mwenye kizibao cha kung'aa humwita dereva kwa mkono, njoo, njoo, bado, njoo, mpaka nguzo yenyewe iseme basi. Plastiki inajiunga na kikosi hiki, nayo inakuja na masharti: gari lisioshwe siku za mwanzo, vipovu vya maji visitumbuliwe maana vitakauka vyenyewe, bomba la kasi lisikaribie kingo. Nenda Jumamosi kwenye maosheo ya kusini, ambako gari linaoshwa huku mwenyewe akichoma nyama na kusikiliza muziki. Mwenye plastiki utamjua mara moja. Nyama yake inaungua, na yeye amemsimamia kijana wa bomba akimwelekeza kwa sentimita.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna mdomo wa kumcheka, tulioziacha rimoti za televisheni ndani ya nailoni zake mpaka nailoni ikapauka na namba zisisomeke. Ila rimoti hakuna aliyepanga kuiuza, na hapo ndipo watetezi wa plastiki wanapokuja na hoja yao nzito: rangi ya kiwandani ikishaondoka hairudi, na mnunuzi anaijua. Hoja hii naikubali, tena ushahidi wake mzuri tunao sisi. Aliyewahi kuagiza gari Japani anaifahamu karatasi ya mnada, ule mchoro wa gari lililolazwa na kuandikwa herufi: A kwa mkwaruzo, U kwa kibonyeo, W mahali palipotengenezwa na kupakwa upya, na tarakimu pembeni ya kueleza ukubwa wa balaa. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo bandari ya Mombasa hushusha mwaka mzima magari ya miaka saba ambayo kuna mtu Osaka aliyaegesha kwa adabu bila kujua kwamba anamwegeshea mtu wa Thika. Tumeishi kwa uangalifu wa watu tusiowafahamu. Afrika Kusini, kwa kuvikinga viwanda vyake vya magari, haimruhusu mwananchi wa kawaida kujiagizia gari kuukuu kutoka nje, na matokeo yake ni kwamba Mtanzania au Mkongomani aliyehamia pande hizi huenda akawa wa kwanza katika ukoo wake kununua gari ambalo halijakwaruzwa na mtu mwingine. Hajui namna ya kuishi nalo. Gari alilozoea lilikuja na makovu ya kigeni, na kovu la kwanza la kwake lilipata wenzake.

Basi rangi ya kiwandani ina thamani. Swali ni nani anayeipokea. Muuza magari anapopiga hesabu huangalia mwaka, kilomita na hali ya gari kwa jumla. Atafurahi kukuta boneti halina vitundu, atalisifu, na sifa hizo atazitumia kumuuzia mteja wake. Kurudisha fedha ya plastiki si kazi yake. Kupaka bampa upya gereji ni randi elfu chache. Kulibandika gari zima ni makumi ya maelfu. Turffontein ina uwanja wa mbio za farasi tangu 1887, mwaka mmoja tu baada ya dhahabu, na watu wake wamekuwa wakicheza dau kabla jiji halijamaliza kunyoosha barabara. Sidhani kama kuna mmoja wao angemwekea farasi dau ambalo hata akishinda atarudishiwa pungufu ya alichoweka. Mwingine atasema aende na seramiki, ni rahisi zaidi. Seramiki ni tabaka la mikroni chache. Inakimbiza maji vizuri, na jiwe haliwezi kujua kama ipo. Na yule anayesema, fedha ni yangu na napenda ling'ae, huyo hana deni la kujieleza kwa mtu. Nampa mkono. Ninayegombana naye ni anayeiita starehe hiyo uwekezaji.

Ningekuwa natoa ushauri, na hakuna aliyeniomba, ningesema abandike mahali ambapo jiwe hupiga na mkono hukosea: bampa la mbele, ukingo wa boneti, migongo ya vioo, vile vishimo nyuma ya vishikio vya milango ambamo kucha huchora kila siku, na mdomo wa buti unaoburuziwa masanduku. Na gari likiwa limeshapita gereji za kunyoosha bodi, ambazo kuanzia mtaa jirani wa Booysens hadi hapa hazikosekani, sehemu iliyopakwa upya aiache wazi, kwa sababu siku ya kubandua, hata kwa joto na kwa kuvuta taratibu, rangi isiyoshika vyema hufuatana na plastiki. Siku hiyo yenyewe, hata hivyo, si rahisi ifike. Mnunuzi atakuja, atazunguka gari na tochi yake, ataambiwa kwamba chini ya plastiki kuna rangi ambayo haijaguswa tangu kiwandani, na atakapoulizwa kama ibanduliwe aione, atarudi hatua moja nyuma na kusema hapana, iache hivyo hivyo.