Jembe Darini

Ukivuka mpaka kutoka Tunduma kwenda Nakonde unarudishiwa saa moja. Zambia iko nyuma yetu kwa saa hiyo moja, na kwa sisi tunaokaa jirani na mpaka, simu hazina msimamo. Ukisogea dirishani imeshika mnara wa Zambia na saa imerudi nyuma. Ukiingia jikoni iko Tanzania tena. Ndiyo maana watu wa hapa wakiahidiana huulizana kwanza: "Saa kumi ya kwetu au ya kwao?" Jumapili ile hakuna aliyeuliza.

Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba 2019, na mji ulikuwa umefurika. Rais Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walikuja kufungua kituo cha huduma za pamoja mpakani, ili lori likaguliwe upande mmoja tu badala ya kusimamishwa pande zote mbili. Mume wangu ni wakala wa forodha, na siku zile alikuwa akipita nyumbani kubadilisha shati na kuondoka. Nilibaki na watoto na wageni wawili: mama yangu mzazi, aliyetoka Magu kuja kukaa na wajukuu, na shemeji yangu mdogo, utingo wa lori lililokuwa likisubiri kuvuka kwenda Lubumbashi.

Watoto walikuwa na jambo lao. Tangu Agosti walikuwa wakifuatilia East Africa's Got Talent, shindano lililofanyika Nairobi na kuzikutanisha Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, mshindi achukue dola 50,000. Anne Kansiime wa Uganda alikuwa mshereheshaji. Kwenye meza ya majaji walikaa Jeff Koinange wa Kenya, Gaetano Kagwa wa Uganda, Makeda wa Rwanda na Vanessa Mdee wetu. Binti yangu alikuwa amewakabidhi moyo wake Intayoberana, kundi la ngoma za asili kutoka Rwanda, na kila jioni alikuwa akiinua mikono sebuleni kuiga pembe za ng'ombe wa Kinyarwanda. Kaka yake alikuwa upande wa Esther na Ezekiel Mutesasira, watoto wa tumbo moja kutoka Uganda, wanaoimba. Ugomvi ukawa huo: kuimba na kucheza unavipimaje kwa mzani mmoja?

Jirani yetu, mama wa Kinamwanga mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, alikuwa akija kuchochea. Yeye husema mambo haya yaliisha mwaka 2003, pale Cherise Makubale wa Zambia alipotwaa ushindi wa Big Brother Africa ya kwanza na Mwisho Mwampamba wa Tanzania akabaki wa pili. Mimi humjibu kwa Richard Bezuidenhout aliyeshinda 2007, na Idris Sultan aliyeshinda 2014. Naye hunyamaza kidogo, kisha hurudia: "Lakini wa kwanza ni wa kwanza." Gaetano huyohuyo aliyekaa mezani kwa majaji alikuwa ndani ya ile nyumba ya Big Brother ya 2003, na kila alipoonekana kwenye runinga hoja ilianza upya.

Mama yangu alisikiliza haya kwa siku kadhaa bila kusema neno. Kisha akauliza: "Hao waamuzi mbona wameketi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, naye akawaeleza wajukuu. Kwao Usukumani wachezaji wamegawanyika pande mbili tangu karne ya kumi na tisa, Wagika na Wagalu, wakifuata waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, walioshindana dawa ya nani ina nguvu zaidi ya kuvuta watu ngomani. Mavuno yakishaingia, katika sherehe ya Bulabo kule Bujora, pande hizo hupiga ngoma zao uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hapana meza wala alama. Watu wenyewe hukimbia huku na huku, na upande utakaowakusanya wengi ndio umeshinda. Kwa hiyo wachezaji huleta kila kinachoweza kumgeuza mtu shingo: nyoka hai, nungunungu, majembe yanayorushwa juu na kudakwa. "Mimi ni Mgika," mama alisema. "Nimewahi kuwanyang'anya Wagalu watu mpaka wapiga ngoma wao wakaja kunitazama."

Nakiri kwamba mimi, mwanawe, nilikuwa silijui hilo. Alipoolewa aliacha kucheza hadharani, na mbele yetu alikuwa mama wa kanisani na wa shambani. Nadhani hapa ndipo mashindano haya ya runinga yanapofanya kazi yake kubwa, hata kama walioyatengeneza hawakuifikiria: yanamfanya mtu mzima akumbuke, mbele ya wajukuu, kwamba naye ana miguu.

Basi Jumapili ya fainali ikafika. Betri za rimoti zilikuwa zimekwisha tangu Ijumaa, na watoto walikuwa wamechomoa za saa ya ukutani wakazitia kwenye rimoti. Saa ya ukutani ikasimama, na nyumba nzima ikawa inaishi kwa simu ya shemeji, yenye laini ya Zambia. Shemeji, amejinyoosha kwenye kochi, akatangaza kwamba bado tuna saa nzima na zaidi. Nikaendelea kukaanga samaki kwa utulivu. Binti akaenda kuoga. Kaka yake akaanza kupiga pasi shati la Jumatatu.

Kelele za kushangilia zilipotoka nyumba ya jirani, ndipo binti alipopiga yowe bafuni. Alitoka mbio na khanga, povu masikioni. Shemeji akaruka kutoka kwenye kochi na goti lake likaipiga meza ya kioo. Kioo kikateleza, mama akakidaka kwa mikono miwili kabla hakijafika sakafuni. Tukawasha runinga. Kansiime akaonekana, akafungua mdomo, na umeme ukakatika.

Lilikuwa suala la LUKU tu. Pasi ilikuwa imemaliza uniti za mwisho. Nikanunua kwa simu, ujumbe ukaja, na shemeji akaenda kwenye mita na tochi kuingiza zile tarakimu ishirini huku kijana wangu akimsomea. Walikosea. Wakaanza upya, wakakosea tena, kwa sababu binti alikuwa analia na kumwita kaka yake msaliti aliyepiga pasi makusudi ili Intayoberana wasionekane.

Mama akaingia jikoni gizani. Nilisikia debe likimwagwa mahindi, kisha likapigwa. Mapigo ya kwanza yalikuwa ya kujaribu tu. Ya pili yakamnyamazisha binti.

"Njoo hapa, mjukuu wangu. Unawalilia Wanyarwanda na miguu unayo?"

Nikawasha mshumaa. Mama akampa kijana debe, akamwonyesha pigo, akajifunga kitenge kiunoni. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na majembe yaliyokwisha kunolewa, maana mvua za Novemba zilikuwa zinakaribia. Akachukua moja. Alianza taratibu, bugobogobo ya kulimia, mgongo umeinama, jembe linakwenda mbele na kurudi kifuani, miguu ikipiga sakafu ya saruji mpaka vikombe vikaitikia kabatini. Shemeji akaacha mita. Akaingia na ndombolo yake aliyoitoa Kongo, na cha ajabu viliendana. Binti akaingia katikati na pembe zake za ng'ombe. Wale wa nyumba ya jirani, wenye umeme na runinga na fainali inaendelea, wakaanza kuja mmoja mmoja. Yule mama wa Kinamwanga aliingia na sahani ya chakula mkononi, akaiweka chini, akapiga kigelegele. Madereva wawili waliokuwa wanapita wakasimama dirishani. Mama aliwaona. Mgika akiona watu wanaongezeka hajizuii tena. Akalirusha jembe.

Lilizunguka mara moja hewani na halikurudi. Dari la jipsam, ambalo mume wangu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumlipa fundi, lilimeza ubao wa jembe wote, na mpini ukabaki unaning'inia juu ya vichwa vyetu. Vumbi jeupe likatushukia. Hakuna aliyeacha kucheza.

Mume wangu alifika akakuta watu wamejaa mlangoni kwake. Alichungulia, akamwona mama mkwe katikati ya duara, akarudi nyuma haraka. Mkwe haingii penye ngoma ya mkwe wake. Alikaa nje kwenye stuli, na vidole vyake, nilivyoviona kupitia dirishani, vilikuwa vinafuata pigo juu ya goti. Ngoma ilipokwisha alibisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. "Shikamoo, mama." Mama, akihema, alijibu marahaba na kumwambia kuna kitu chake kimebaki juu.

Umeme ulirudi baadaye. Esther na Ezekiel walikuwa wameshatangazwa washindi, na kijana wangu alipata habari hizo kwa jirani, akiwa na vumbi la jipsam kwenye nyusi. Alifurahi kwa dakika moja, kisha akaomba jembe lisitolewe mpaka wenzake wa shule walione.

Mwaka 2023 tulimwonyesha mama kwenye simu wale Ghetto Kids wa Kampala, watoto waliojulikana kupitia video ya wimbo wa Eddy Kenzo mwaka 2014, wakicheza kwenye Britain's Got Talent. Kabla ngoma yao haijaisha, jaji Bruno Tonioli alibonyeza kitufe cha dhahabu, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika kwenye shindano hilo katikati ya onyesho. Mama alirudisha kipande hicho mara nyingi. "Huyu ndiye mwamuzi. Ameshindwa kungoja." Tulipomweleza kwamba fainali ilichukuliwa na mchekeshaji kutoka Norway, Viggo Venn, aliuliza tu kama watu walikimbilia kwake au kwa watoto, na kwa kuwa hatukuweza kumjibu, akalifunga shauri.

Binti yangu sasa anataka kwenda Bujora kuona Bulabo. Mama amesema atampeleka, ila kwanza ajifunze kudaka. Wanafanya mazoezi uani, mbali na paa, kwa mpini mtupu usio na jembe, na wapita njia wameshaanza kusimama.