Githeri Yenye Gololi

Githeri ya jioni ile ilikuwa na gololi mbili, kifungo cha shati na gurudumu la gari la plastiki. Gurudumu lilimwangukia mzee wangu. Alilitoa mdomoni polepole, akaliweka kando ya sahani, akaendelea kula.

Chanzo ni kitinda mimba wetu. Ana miaka mitano, na masikio yake hayachagui: honi za matatu za barabara ya Iten, redio ya jirani, karatasi ya mkate ikikunjwa, vyote humwingia kwa nguvu moja. Tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji Agosti 2024, naona hata kelele zimepandishwa cheo. Na mvua ya mawe ikipiga mabati, kijana huingia chini ya kitanda akalia mpaka sauti ikauke. Majirani walishatoa hukumu zao, kudeka, ukaidi, hata mashetani. Masikio hayakutajwa na yeyote.

Aliyeyataja ni mtaalamu wa tiba kazi tuliyemwona mjini. Alitusimulia habari za Mmarekani A. Jean Ayres, ambaye mwaka 1972 alitoa kitabu kuhusu jinsi ubongo unavyozipanga habari za hisia. Misuli na viungo navyo, alisema, hupeleka habari kwenye ubongo kila mtu anapobeba, kusukuma au kutafuna, na watoto wengi wa namna hii hutulizwa na uzito. Basi tukarudi na maagizo: abebe kidumu cha maji, akande unga wa chapati, atafune muwa, azamishe mikono kwenye nafaka.

Bembea ndiyo iliyotangulia kuharibika. Mzee alining'iniza tairi kuukuu kwenye mparachichi, na maagizo yalikuwa mbele na nyuma, polepole. Kaka mtu, mwenye haraka ya maisha, akamzungusha. Kuzungushwa huamsha mwili badala ya kuutuliza, kwa sababu maji yaliyo ndani kabisa ya sikio huendelea kuzunguka hata bembea ikisimama. Kijana alishuka akaanza mbio za kuizunguka nyumba, na kuku wote wakahamia kwa jirani.

Karai ndilo lililofaulu. Gorogoro mbili za mahindi makavu, moja ya maharagwe, na chini kabisa vikorokoro vya kutafuta. Alizamisha mikono hadi viwiko, akachota, akamwaga, akachota tena, mabega yakashuka. Nilikaa karibu naye, maana haragwe likiingia puani huvimba kwa unyevu na kulitoa ni kazi ya daktari. Watoto walio chini ya miaka mitatu hata wasiwekewe.

Jumapili Kogo, mama mkwe wangu, alirudi kutoka kanisani akalikuta karai sebuleni halina mwenyewe. Hapendi kuona kazi imelala. Mahindi na maharagwe yakikaa chombo kimoja, kwake hilo ni agizo. Akaosha, akabandika sufuria, akachochea kuni.

Saa kumi mawe yakaanza kushuka. Kijana alilikimbilia karai lake, akalikuta limeegemezwa ukutani, safi.

"Kogo, mahindi ya mtoto yako wapi?"

"Mahindi ya mtoto? Mtoto ana shamba?"

Sikumjibu, kwa mabati yale nisingesikika. Mtoto alikuwa ameshajikunja pembeni, viganja masikioni. Ikabidi tumwendee Temple Grandin. Huyu ni Mmarekani mwenye usonji ambaye, akiwa kijana, aliona ng'ombe katika shamba la shangazi yake wakitulia walipobanwa ubavuni ili wachanjwe, akajiundia mashine ya kujibania mwenyewe. Nilikuwa nimeshamsimulia Kogo kisa hicho, naye aliona Wazungu wamechelewa kuwajua ng'ombe.

Kogo alilaza godoro la mgeni chini, akaweka mito miwili juu yake. "Ingia, kama unataka." Kijana aliingia mwenyewe, kichwa nje. Kogo si mwepesi, kwa hiyo alitumia viganja tu, akibonyeza kutoka mabegani kwenda miguuni.

"Zaidi," ikasema sauti ndogo.

Akaongeza.

"Basi."

Akaondoa mikono papo hapo, na hapo ndipo nilipompenda zaidi mama wa watu. Grandin naye alijibania kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto anayebanwa bila kutaka huzidi kuchafuka. Mawe yakageuka mvua ya kawaida, kijana akaomba "zaidi" nyingine, mara hii akicheka.

Sasa kuna makarai mawili, jekundu la kijana na la buluu la githeri. Kogo amekubali utaratibu, ila rangi hizo usiku hazitofautishi, na balbu ya jikoni imeungua tangu Jumatano.